Sarafu adimu za fedha za mwisho wa Dola ya Roma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

"Mwisho wa Dola ya Roma" ni miaka ipi hasa?

Wakusanyaji wengi huanzia kwenye mageuzi ya sarafu ya kaisari Diocletian, karibu mwaka 294, na kuishia mwaka 476 alipong'olewa Romulus Augustus, kaisari wa mwisho wa upande wa magharibi. Mwanzo huo umechaguliwa kwa sababu ya metali kuliko siasa. Kufikia miaka ya 268 hadi 270, enzi ya Claudius II, sarafu iliyopaswa kuwa ya fedha ilikuwa shaba iliyovikwa utando mweupe, na fedha halisi ndani yake haikufika asilimia 5. Diocletian ndiye aliyerudisha sarafu ya fedha safi katika dola nzima.

Mimi humwongeza mtu mmoja aliyemtangulia: Carausius, jemadari wa majini aliyeasi mwaka 286 na kujitwalia Britania, yaani Uingereza ya Kirumi. Alitoa sarafu za fedha nzuri miaka kadhaa kabla ya Diocletian, na kwenye baadhi yake akaandika EXPECTATE VENI, yaani "njoo, uliyengojewa". Mwasi analipa askari wake kwa fedha safi, kaisari halali analipa kwa shaba iliyopakwa. Askari hakuhitaji kusomewa tangazo. Aliipima tofauti hiyo mkononi. Mwaka 293 Carausius aliuawa na Allectus, ofisa wake mwenyewe, na sarafu zake za fedha leo ni adimu na ghali.

Argenteus, siliqua, miliarense: zinatofautianaje?

Kwa uzito. Ratili ya Kirumi ilikuwa karibu gramu 325, na kila aina ya sarafu ilikuwa fungu fulani la ratili hiyo.

Argenteus ya Diocletian ilikuwa 1/96 ya ratili, gramu 3.4 hivi, na nyingine zimeandikwa waziwazi XCVI, yaani 96. Mgongoni, yaani upande wa nyuma, mara nyingi utaona watawala wanne wakitoa sadaka mbele ya lango la ngome. Haikudumu. Tangazo lililochongwa kwenye jiwe huko Aphrodisias, katika Uturuki ya leo, linaonyesha kwamba tarehe 1 Septemba 301 serikali ilipandisha thamani ya sarafu, na sote tunajua watu hufanya nini fedha nzuri inapozungukwa na sarafu mbovu: waliificha. Muda si mrefu argenteus ikatoweka sokoni.

Siliqua ni ya kaisari Constantine na waliomfuata. Jina hilo limezoeleka kwa wakusanyaji na wataalamu wa siku hizi. Mwanzoni ilikuwa na uzito uleule wa argenteus, kisha katika miaka ya 350 Constantius II akaipunguza hadi gramu 2 na ushei. Hiyo nyepesi ndiyo utakayoiona kwenye minada kila wiki.

Miliarense ni kubwa zaidi: nyepesi yake gramu 4.5, nzito yake gramu 5.4. Hizi zilikuwa za kutunukia maofisa na askari kwenye sherehe za kaisari kuliko za kununulia mkate, ndiyo maana ni chache, na ndiyo maana zilizobaki mara nyingi ni nzuri.

Kabla hujanunua sarafu yoyote, nunua mizani ya sonara inayosoma sehemu za mia za gramu.

Kwa nini nyingi hutokea Uingereza, pembezoni kabisa mwa dola?

Kwa sababu huko ndiko zilikofukiwa, na waliozifukia hawakurudi kuzichukua.

Baada ya mwaka 402 hivi, shehena za sarafu mpya kutoka karakana za bara zilikoma kufika Britania kwa kiasi cha maana. Mwaka 407 Constantine III, aliyetangazwa kaisari na majeshi ya Britania, alivuka bahari na askari wake kwenda Gaul, Ufaransa ya leo. Wenye mali walibaki na vyombo vya fedha, dhahabu ya wake zao na hofu. Wakachimba mashimo.

Shimo maarufu kuliko yote liko Hoxne, mkoani Suffolk. Tarehe 16 Novemba 1992 mkulima mmoja alikuwa amepoteza nyundo shambani, na rafiki yake akaenda kuitafuta kwa kifaa cha kutambulia metali. Akakuta sarafu. Jambo la kupongezwa ni kwamba hakuendelea kuchimbua hadi chini. Wataalamu waliitwa, wakaja kesho yake na kuitoa hazina ikiwa bado imepangika kama ilivyowekwa, hata alama za masanduku zikasomeka. Zilihesabiwa sarafu 14,865: 569 za dhahabu, zaidi ya 14,000 za fedha na chache za shaba, pamoja na vijiko, bangili na vyombo vya mezani. Kimojawapo ni chombo cha fedha cha kunyunyizia pilipili manga chenye sura ya bibi wa heshima. Pilipili yenyewe ilitoka India na kuvuka Bahari ya Hindi kabla ya kufikishwa mezani Suffolk. Hazina ilithaminiwa pauni milioni 1.75 na iko Makumbusho ya Uingereza, London. Nyundo nayo ilipatikana, na imo humohumo makumbushoni.

Sarafu yangu ina kingo zilizokatwakatwa. Imeharibika?

Imekatwa, lakini usikimbilie kusema imeharibika. Siliqua karibu zote za Hoxne zimekatwa kingo. Wakati sarafu mpya zilipokoma kufika, watu wa Britania walizipunguza zile zilizokuwepo kwa mkasi, wakayeyusha vipande na kufua sarafu za kuigiza. Tazama vizuri utaona ustaarabu wa ajabu: herufi zinakatwa, jina la kaisari linatoweka, lakini kichwa chake kinaachwa kizima. Mkataji alijua mpaka wa kutovukwa.

Kibei, sarafu iliyokatwa sana hushuka hadi nusu ya nzima au chini zaidi. Kihistoria nadhani ni kinyume. Siliqua nzima yenye mng'ao inaweza kuwa imetoka karakanani na kuingia shimoni bila kufanya kazi hata siku moja. Ile iliyokatwa inakusimulia jinsi jamii ilivyoishi na fedha baada ya serikali kuondoka. Kwa anayeanza na mfuko mdogo ningemwambia anunue iliyokatwa ya mtawala mzuri badala ya nzima ya mtawala aliyejaa kila mahali.

Ni nini kinachoifanya sarafu iwe adimu? Umri?

Hapana, na hili ndilo kosa linalowagharimu wageni kuliko mengine. Siliqua ya kaisari Valens ina zaidi ya miaka 1,600 na unaweza kuipata wiki hii bila kuhangaika. Uadimu hutokana na mambo matatu: kaisari alitawala muda gani, karakana ipi ilitoa sarafu, na je, kuna shimo lolote lililozihifadhi.

Anza na muda wa utawala. Vetranio alishika madaraka mwaka 350 kwa miezi kumi hivi. Jovian hakufikisha miezi minane, kati ya 363 na 364. Procopius aliasi Constantinople Septemba 365, na Mei iliyofuata alikuwa amekwisha kuuawa. Jovinus alijitangaza kaisari kule Gaul mwaka 411 na kuanguka 413. Hawa wote wana sarafu za fedha, na zikija mnadani mikono mingi hunyanyuka. Priscus Attalus, kaisari aliyewekwa na Wagothi wa Alaric mwaka 409, alitoa mapande makubwa ya fedha yenye uzito wa karibu robo ratili na maneno INVICTA ROMA AETERNA, "Roma isiyoshindwa, ya milele". Mwaka 410 Alaric huyohuyo aliingia Roma na kuipora.

Lakini muda peke yake unadanganya. Eugenius alitawala miaka miwili tu, 392 hadi 394, na ungedhani siliqua zake hazipatikani. Zinapatikana. Karakana ya Trier, Ujerumani ya leo, ilimfulia kwa bidii, na ardhi ya Uingereza imezitunza.

Halafu karakana. Magnus Maximus, aliyetawala magharibi kutoka 383 hadi 388, ana siliqua nyingi za Trier zilizoandikwa TRPS chini ya picha ya mgongoni. Bei yake ni ya kawaida. Kaisari huyohuyo, sura ileile, fedha ileile, ila chini imeandikwa AVGPS: hiyo ni karakana ya London, ambayo wakati huo iliitwa Augusta, na hapo bei huruka mara nyingi. Tofauti nzima imekaa kwenye herufi ndogo kuliko punje ya mtama. Ndiyo maana nasisitiza: muuzaji akipiga picha ya uso tu, dai picha ya mgongo, na sehemu ya chini ionekane vizuri.

Zaidi ya hayo matatu, tazama pia aina ya sarafu na kipimo chake. Nusu siliqua ni adimu kwa karibu kila mtawala. Na kwa upande wa magharibi, baada ya miaka ya 420 fedha ilipungua kabisa, kiasi kwamba sarafu ya fedha ya Romulus Augustus ni ndoto ya kila mtu.

Nasomaje maandishi ikiwa sijui Kilatini?

Maneno ni machache na yanajirudia. Wiki mbili zinatosha. Usoni utakuta D N, "bwana wetu", kisha jina, kisha P F AVG, "mcha miungu, mwenye heri, Augusto". Akiwa mrithi bado, husomeka NOB CAES na kichwa hakina taji. Valentinian wa pili mara nyingi huongezewa IVN, "mdogo", usimchanganye na baba yake.

Mgongoni kuna hesabu za kufurahisha. VOT X MVLT XX ndani ya shada ni nadhiri: zimetimizwa za miaka kumi, zinaombwa za ishirini. Idadi ya G mwishoni mwa AVG ni idadi ya makaisari: AVGG wawili, AVGGG watatu. Constantine III aliandika VICTORIA AAAVGGGG, makaisari wanne, maana alijihesabu pamoja na Honorius, Arcadius na Theodosius wa pili. Arcadius alifariki mwaka 408, kwa hiyo herufi moja inaweza kukusaidia kupanga sarafu kwa mwaka.

Chini kabisa ni karakana: TR ni Trier, LVG ni Lyon, AQ ni Aquileia, MD ni Milan, SISC ni Siscia, ANT ni Antiokia. PS inayofuata kwenye za baadaye inathibitisha kwamba fedha imesafishwa. Jihadhari na CON, ambayo inaweza kuwa Constantinople au Arles, kwani Arles nayo ilipewa jina la Constantina.

Wauzaji hutaja namba za RIC, orodha kuu ya sarafu za makaisari. Juzuu za 6 hadi 10 ndizo zinazohusu kipindi hiki. Jumuiya ya sarafu ya Marekani, American Numismatic Society, imeziweka namba hizo mtandaoni bure kwa jina la OCRE, pamoja na picha nyingi.

Niandae kiasi gani?

Siliqua ya kawaida ya Valens, Julian au Theodosius wa kwanza, iliyo nzima na inayosomeka, kwa kawaida huenda dola 100 hadi 300 za Marekani. Iliyokatwa hushuka chini ya hapo. Argenteus nzuri huanzia mia kadhaa. Jovinus na wenzake ni maelfu. Ongeza kamisheni ya mnada, inayoweza kufika asilimia 20 au zaidi juu ya bei ya nyundo (bei ya mwisho iliyofikiwa mnadani), na gharama za forodha. Watu husahau hizo mbili, halafu hulaumu nyumba ya mnada.

Nitajuaje kwamba ni feki?

Feki si jambo la leo. Carl Wilhelm Becker wa Ujerumani, aliyefariki 1830, alichonga mihuri ya sarafu za kale kwa ufundi hata kazi zake sasa zinakusanywa zenyewe.

Feki ya kumiminwa ndiyo rahisi kuigundua. Chukua kioo cha kukuzia: vitundu vidogo vya mapovu, herufi zilizolainika kama sabuni iliyotumika, na mstari wa kuungia ukizunguka ukingoni. Sarafu halisi iligongwa kwa nyundo, kwa hiyo metali ilitiririka kuelekea nje na mara nyingi ukingo una nyufa ndogo. Nyufa hizo ni rafiki yako.

Feki iliyogongwa kwa mihuri mipya ni ngumu zaidi. Hapa kinga ni kulinganisha. Tafuta picha za sarafu ileile zilizouzwa zamani. Ukikuta mbili zenye mkwaruzo uleule mahali palepale, moja imenakiliwa kutoka kwa nyingine, au zote kutoka kwa ya tatu. Uzito wa ajabu nao ni dalili: siliqua ya Valens yenye gramu 3 inahitaji maelezo mazito.

Kuna pia za kale zilizoghushiwa na Warumi wenyewe, shaba iliyofunikwa fedha, na zile za kuigiza zilizofuliwa Britania. Hizo ni za kale kweli na zina wanunuzi wake. Muuzaji aziite kwa jina lake tu.

Usiangushe sarafu mezani ili usikie mlio wake, ingawa wazee wa sokoni hufanya hivyo. Fedha iliyokaa ardhini karne kumi na sita hukauka kwa ndani na inaweza kuvunjika vipande viwili.

Nizisafishe? Na nizihifadhi wapi?

Usizisafishe. Dawa ya kung'arishia vyombo, majivu, ndimu, dawa ya meno: vyote hivyo hula uso wa sarafu, na mnunuzi mwenye uzoefu ataona mara moja. Weusi mwembamba ulioenea sawasawa ni wa kuachwa, na wengi wetu tunaupenda.

Kwa anayeishi Mombasa, Tanga, Unguja au Muscat adui ni unyevu na chumvi. Weka sarafu kwenye kasha linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe. Epuka vifuko laini vya plastiki ya PVC, ambavyo baada ya muda hutoa ute wa kijani. Mpira wa kufungia noti na karatasi zenye salfa huweusha fedha.

Sheria inasemaje?

Inategemea sarafu imetoka wapi. Uturuki na Italia huhesabu vitu vinavyochimbuliwa ardhini kuwa mali ya taifa, na kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. England na Wales zinafuata Sheria ya Hazina ya mwaka 1996: sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha, zenye zaidi ya miaka 300 na zilizopatikana pamoja, lazima ziripotiwe, na makumbusho yakizitaka, mwokotaji na mwenye shamba hulipwa. Ndiyo sababu sarafu nyingi za Uingereza zina historia inayojulikana, na ndiyo sababu mimi huzipendelea.

Muulize muuzaji risiti ya zamani au ukurasa wa mnada wa miaka iliyopita. Akijibu kwa hasira, umeshapata jibu.

Babu ameacha sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke. Je, ni ya Kirumi?

Swali hili huja kila mara kutoka pwani, na jibu karibu kila mara ni hapana. Ikiwa ina upana wa sentimita 4 hivi, uzito wa gramu 28 na mwaka 1780, hiyo ni riale ya Maria Theresa wa Austria, iliyotumika sana Zanzibar, Oman na Uhabeshi. Mwaka wa 1780 uliendelea kupigwa juu yake hata kwa zile zilizotolewa karne ya 20. Siliqua ina upana wa karibu milimita 18 na haina mwaka ulioandikwa kwa tarakimu.

Je, sarafu za Kirumi zimewahi kupatikana pwani ya Afrika Mashariki?

Taarifa zipo, maarufu zaidi ikiwa ya Bur Gao, kusini mwa Somalia, mwanzoni mwa karne ya 20, lakini wataalamu wengi huitilia shaka kwa sababu sarafu hazikutolewa katika uchimbaji wa kitaalamu. Ukiambiwa na mtu ufukweni kwamba amechimbua za Kirumi, weka pochi yako mfukoni. Kilicho hakika ni sarafu zetu wenyewe: Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilipatikana zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo sana, za karne ya 11 hivi. Ukiokota chochote cha namna hiyo, Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, kiripoti.

Kuna sarafu za Kiafrika za wakati huohuo ninazoweza kukusanya pamoja na hizi?

Zipo za aina mbili, na ningefurahi kuona watu wengi zaidi wakizitafuta.

Ya kwanza ni Carthage, katika Tunisia ya leo. Chini ya Diocletian karakana yake ilitoa argenteus yenye sura ya Afrika kama mwanamke aliyevaa ngozi ya kichwa cha tembo na kushika pembe ya ndovu, simba akiwa miguuni pake. Ni adimu. Mji huo ulipotekwa na Wavandali mwaka 439, wafalme wao waliendelea kufua fedha, na Gunthamund, aliyetawala 484 hadi 496, aliandika thamani mgongoni: 100, 50 na 25.

Ya pili ni Aksum, katika Ethiopia ya leo. Mfalme Endubis alianza kufua dhahabu na fedha mwishoni mwa karne ya 3, kabla au karibu na wakati wa mageuzi ya Diocletian, na sarafu zake za dhahabu zilifuata vipimo vya Kirumi ili zipokelewe na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu. Ezana, katika karne ya 4, aliondoa mwezi na duara juu ya kichwa cha mfalme na kuweka msalaba. Sarafu za fedha za Aksum ni ndogo, mara nyingi chini ya gramu 1.5, na huonekana mnadani mara chache kuliko siliqua. Bei yake bado haijapanda kulingana na uadimu huo.